Kabati la siga nyumbani na watoto wadogo: mwongozo kamili kwa sisi wa Tanga

Wengi wenye siga nyumbani, zile nene za majani ya tumbaku yaliyoviringishwa na sio sigara za pakiti, wakisikia habari ya kumkinga mtoto akili inaenda kwenye kufuli moja kwa moja, mtu ananunua kufuli la shaba anapachika mlangoni basi anajiona kamaliza. Kwangu kufuli liko mwishoni huko. Mtoto wa miaka 2 havunji kufuli bana, anasubiri mkubwa asahau, na wakubwa tunasahau kila siku, umetoa siga moja baada ya isha, simu imeita umetoka nje kuongea, mlango umebaki nusu wazi, kikatio cha siga kiko kwenye kochi na kibiriti kimelala kwenye mkono wa kiti. Kwa hiyo huu mwongozo wote nimeupanga kwa wazo moja, kabati lijifunge lenyewe hata ukisahau, na vile vinavyotoka kabatini viwe na pa kurudi palipofungwa.

Sisi wa pwani tuna mtihani wa ziada. Siga inataka unyevu wa asilimia 65 mpaka 70 na joto la nyuzi 18 mpaka 21, sasa wewe uko Raskazone au Chumbageni, hewa ya nje asubuhi inapita asilimia 80 bila shida, masika ndo usiseme, na kaskazi ikishika mchana joto linafika 30 na kupita. Maelezo mengi ya Wazungu yanakufundisha kuongeza maji kwenye kabati, wakati huku kazi yetu kubwa ni kuyatoa. Ndo maana kabati la siga la Tanga linajaa vikorokoro, kipima unyevu, pakiti za kunyonya maji, dawa za wadudu, feni ndogo ya ndani na waya wake. Kila kimoja hapo ni kitu cha kuingia mdomoni kwa mtoto.

Kwanza toa kila kitu

Chagua muda watoto wako shule au madrasa, tandika mkeka, toa vitu mpaka droo ya chini kabisa. Kisha chukua lile gamba la katikati la toilet pepa, kitu chochote kinachopita kwenye lile tundu mtoto wa chini ya miaka 3 anaweza kukabwa nacho. Hicho kipimo rahisi na kinatosha kwa nyumbani.

Siga yenyewe ni sumu kwa mtoto, hapa tusidanganyane. Sigara ya kawaida ina nikotini kama miligramu 10 hivi, siga moja kubwa inaweza kuwa na 100 mpaka 200 na nyingine zaidi, na mtoto hahitaji kuimaliza, akitafuna kipande tu inatosha kumlaza kitandani. Tena ina harufu tamu na rangi ya chokoleti, mtoto anaona kashata.

Ila ukiniuliza mimi kitu kibaya kuliko vyote kwenye kabati sio siga, ni kile kipima unyevu cha digitali. Angalia nyuma yake, kuna betri ya duara, bapa, kama ya saa au ya rimoti ya gari. Mtoto akiimeza ikakwama kooni inaanza kuunguza nyama za ndani, madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2, na hata betri iliyokwisha nguvu ya kuendesha kipima bado ina nguvu ya kuunguza. Na vile vipima vimewekwa sumaku nyuma vibandikwe mlangoni, yaani vinadondoka kila ukifunga kwa nguvu. Nunua kile ambacho kifuniko cha betri kinafungwa na skrubu, kama chako kinafunguka kwa kucha tu basi kizungushie selotepu ngumu mara kadhaa kisha ukipachike shelfu ya juu kwa ndani. Cha mshale kisichotumia betri kabisa pia kinafaa, usahihi wake unapungua kidogo ila unaweza kukirekebisha kwa chumvi: chukua kifuniko cha chupa, weka chumvi ya jikoni, idondoshee maji iwe kama uji mzito, funga pamoja na kipima kwenye mfuko usiopitisha hewa kwa saa 8 mpaka siku nzima, lazima kisome 75. Kikisoma 70 ujue kinapunguza 5.

Kingine ni zile chembe za jeli, punje za duara zinazovimba zikinywa maji, watu wanazitumia kutunza unyevu. Achana nazo kabisa kama kuna mtoto ndani. Zinafanana na pipi, zikimezwa zinaendelea kuvimba tumboni na zinaweza kuziba utumbo, na eksirei mara nyingi haizioni, kwa hiyo daktari anaanza kuhangaika bila kujua anatafuta nini. Tumia pakiti zilizofungwa za Boveda, zile zilizoandikwa 62 au 65, yaani asilimia ya unyevu, ndo zinatufaa zaidi huku, zinatoa na kunyonya unyevu zenyewe. Kwenye kabati linalovuja hewa zinashiba haraka, hilo tutalirudia kwenye mlango.

Maji ya kuweka kwenye kifaa cha unyevu, hasa yale yenye propilini glaiko (kimiminika cha kushika unyevu), yabaki kwenye chupa yake ya dukani. Nasema hivi kwa sababu tuna tabia mbaya sana ya kumimina kila kitu kwenye chupa tupu za maji ya kunywa, mafuta ya taa humo, petroli ya bodaboda humo, jik humo. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo.

Kabati likae wapi

Kama ni kiboksi cha mezani, kazi rahisi, kiweke juu ya usawa wa kidevu chako na chini yake pasiwe na stuli, kigoda, ndoo wala mbuzi ya nazi. Mtoto wa miaka 3 anaburuta kigoda toka jikoni mpaka sebuleni bila mtu kumsikia.

Kama ni kabati refu la kusimama, usiliegemeze kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni wala ukuta wa bafu. Acha nafasi ya sentimita 3 mpaka 5 nyuma ipite hewa, maana ukuta wa pwani unatoa jasho na mchwa wanapenda sana hapo. Lakini sasa kabati lililoachana na ukuta ndo linalopinduka, na mtoto akivuta droo za chini tayari kajitengenezea ngazi. Hapo unafanya hivi: fundi akate ubao wa mbao ngumu wenye unene sawa na ile nafasi, aufunge ukutani kwanza, kisha kabati lifungwe kwenye ule ubao kwa engo mbili za chuma kwa juu, moja kila upande. Ukuta wa tofali za simenti fisha (vile vibomba vya plastiki vya kushikia skrubu ukutani) za milimita 8 na skrubu ya milimita 60 zinakaa vizuri. Tofali zenye matundu tafuta fisha za kupanuka kwa ndani. Ila kama uko kwenye nyumba za zamani, zile za mawe ya matumbawe na chokaa kama za mjini kule karibu na bandari au Bagamoyo Mji Mkongwe, usimuamini fundi anayekwambia fisha fupi inatosha. Chokaa ya zamani inamung'unyuka, unavuta kidogo inatoka na plasta. Hapo toboa ndani sentimita 10 au zaidi, ipate jiwe lenyewe, au ufunge kwenye boriti kama ipo karibu.

Baada ya kufunga shika juu ya kabati uvute kwa uzito wako. Likisogea, rudia.

Kama kabati lina feni au kipoozeo cha umeme, waya usining'inie. Upitishe kwenye trankingi mpaka kwenye soketi, na extenshen isikae sakafuni. Umeme ukikatika usiache mlango wazi "upate hewa", hewa ya Tanga ndo hiyohiyo unayoikimbia.

Mlango, hapa ndo penye kazi

Kioo kwanza. Makabati mengi ya fundi wa mtaani yana kioo cha kawaida cha dirisha cha milimita 3 au 4, kikivunjika kinatoa visu. Ukiweza agiza kioo kilichoimarishwa kwa moto (tempered), kile kinachopasuka vipunje vidogovidogo, na lazima kikatwe saizi kabla maana baada ya hapo hakikatiki tena. Ukishindwa, bandika plastiki ya kwenye kioo kwa ndani, hizi za tinted za gari mafundi wanabandika vizuri tu, kioo kikivunjika vipande vinabaki vimeshikana. Na tinted nyeusi ina faida ya pili, mtoto haoni kilichomo. Mtoto asichokiona hakitamani, mimi kwa hili ningechagua mlango wa mbao tupu lakini najua wengi wenu mnapenda wageni waone.

Kisha mlango ujirudishe. Kuna bawaba za springi, zile za kabati za jikoni za kisasa, ukiuachia mlango unarudi wenyewe taratibu. Kwa kabati zito funga mbili au tatu. Hii peke yake inaondoa nusu ya tatizo maana ule mlango wa nusu wazi niliousema mwanzo haupo tena.

Halafu ndo lachi ya sumaku. Inafungwa kwa ndani, nje huoni chochote, mlango ukirudi inajibana yenyewe, kufungua unagusisha ufunguo wa sumaku upande wa nje usawa na lachi ilipo. Zinauzwa seti na nyingi zinafanya kazi kupitia mbao ya unene wa sentimita 2 mpaka 3 hivi, kwenye mninga mzito wa fundi wetu pima kwanza kabla hujatoboa, na haifungwi kwenye kioo, inakaa kwenye fremu ya mbao. Seti inakuja na gundi ya kubandika, usiitumie. Joto la kaskazi na chumvi ya bahari gundi ile inalegea na siku moja inadondoka bila kukuaga. Funga kwa skrubu fupi, urefu wake usipite robo tatu ya unene wa fremu, maana ukitoboa mpaka upande wa pili umefungulia hewa njia na umeharibu kabati.

Ndo nakuja kwenye uvujaji. Usiku zima taa zote, washa tochi ya simu, iweke ndani ya kabati, funga mlango. Popote mwanga unapotokea hewa inapita. Ziba kwa raba nyembamba ya milango, ya silikoni, isiyo na harufu. Angalizo, raba ikiwa nene sana lachi haifiki sehemu yake ya kunasia, inaonekana imefunga kumbe bado. Sikiliza mlio, vuta mlango mara mbili tatu. Unyevu na usalama wa mtoto hapa vinavutana, kwa hiyo raba ifungwe kwanza, lachi ipimwe baadaye, usigeuze.

Wanaochongesha kabati jipya mbao mnazo, mtiki wa Longuza pale Muheza ni imara na hausumbuliwi sana na mchwa. Ndani watu wanapenda ile wanayoiita sida ya Kihispania, kitaalamu *Cedrela odorata*, na miti yenyewe ipo nchini, msitu wa Kimboza kule Morogoro imeota mpaka imekuwa kero. Fundi akikuletea mtarakwa wa Lushoto akakwambia "sida ndo hii mzee", mkatalie kwa upole, harufu yake kali itaingia kwenye siga zote. Kona zote za nje mwambie azipige randa ziwe duara, kichwa cha mtoto anayejifunza kutembea kiko usawa wa kona za droo.

Ufunguo

Usitundike kwenye msumari nyuma ya mlango, huko ndo kila mtoto anaangalia kwanza. Ufunguo wa sumaku ukae kwenye kabati lako la nguo juu kabisa, au kwenye friji kwa juu ukibandika upande wa nyuma usioonekana. Ukitaka kufuli la namba kwa ajili ya wakubwa kidogo, chukua la shaba au stenlesi, la chuma la bei rahisi linashika kutu miezi michache tu kwa hewa yetu. Likigoma usipulizie mafuta karibu na siga, saga risasi ya penseli upate unga wake mweusi, upulize ndani ya tundu. Na namba isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto mwenyewe, watoto wa darasa la pili wanajua mwaka wao.

Vikatio, vibiriti na gesi

Hivi visikae kabatini pamoja na siga na visikae mezani. Tenga droo moja yenye ufunguo wake. Kikatio cha bledi mbili kina tundu la saizi ya kidole cha mtoto, huhitaji maelezo zaidi. Kibiriti cha gesi cha mwali mkali wa bluu joto lake linapita nyuzi 1000 na mwali wenyewe mchana hauonekani vizuri, mtoto anaweza kubonyeza na asione kama kimewaka. Kila ukimaliza rudisha droo, ukiwa nje barazani kiweke mfuko wa shati, kisiguse kiti kabisa.

Kopo la gesi ya kujazia lisizidi nyuzi 50, kwa hiyo sio kwenye gari lililoegeshwa juani wala karibu na jiko. Wenye vijana wa sekondari wafiche zaidi, ile gesi ina wanaoivuta puani na moyo unaweza kusimama hapohapo.

Vishungi na ashtrei

Hapa wengi wanapoteza mechi. Kabati limefungwa kisawasawa, asubuhi mtoto anaamka wa kwanza, anakuta kishungi cha jana barazani, kimelowa umande. Kishungi bado kina nikotini ya kutosha na kikiwa kimelowa inatoka kirahisi. Usizimie kwenye kikombe cha maji, yale maji ya kahawia ni hatari kuliko kishungi chenyewe. Tafuta kopo la bati la maziwa lenye mfuniko, weka mchanga kidogo, zima humo, funga, usiku uleule lipeleke juu. Usitupe kwenye shimo la taka la uani ambako kuku na watoto wanachakura pamoja.

Vuta nje, kisha nawa mikono na ubadilishe shati kabla hujabeba mtoto.

Wadudu na friza

Joto likipita nyuzi 24 hivi mayai ya mdudu wa tumbaku yanaanguliwa, ni yuleyule anayetoboa bizari na tangawizi kavu, unaona tundu dogo la duara kwenye siga na unga unga. Usitie nafthalini, zile pipi nyeupe za kabatini. Mtoto akiimeza inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, hasa kwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD ambao ni wengi ukanda huu wa malaria. Usipulizie dawa ya mbu pia.

Dawa ni baridi. Funga siga mfuko mara mbili, friji siku moja, friza siku 3 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, zirudi friji siku moja tena, ndo zitoke. Tatizo friza ya nyumbani kwetu ndo duka la barafu za ubuyu, watoto wa nyumba nzima wanazamisha mikono humo. Weka mifuko ndani ya kontena gumu lenye mfuniko wa kubana, lizungushie tepu, na uwaambie waliopo nyumbani, dada wa kazi na bibi kwanza.

Wakubwa kidogo, na wageni

Kuanzia miaka 8 lachi haimzuii, anakuangalia unavyofungua. Huyu unaongea naye, humfichi kama unaficha hazina. Hesabu siga zako na andika idadi kwenye karatasi ndani ya mlango, zikipungua ujue mapema. Usimtume mtoto akuletee siga wala dukani kukununulia, sheria ya bidhaa za tumbaku ya 2003 inakataza kuuza kwa walio chini ya miaka 18, halafu wewe mzazi unamtuma kwa mkono wako.

Idd ndo siku mbaya kuliko zote, shangazi kaja na watoto wanne toka Muheza ambao hawajui nyumba yako na wewe hujui tabia zao. Asubuhi yake zungusha kamba au kufuli la ziada, toa ashtrei zote, na begi la mgeni anayevuta liwekwe juu.

Ikitokea

Mtoto katafuna siga: mtoe vipande mdomoni kwa kidole, mfute, mpe maji asukutue ateme kama anaweza. Usimtapishe, usimlazimishe maziwa, ile imani ya maziwa kuua sumu itakupotezea muda. Kutapika, mate mengi, kupauka, jasho na mapigo ya haraka vinaweza kuanza ndani ya dakika 15 mpaka saa 1, baadaye analegea au anapata degedege. Usisubiri dalili, chukua bajaji mpaka hospitali ya Bombo, usianzie duka la dawa, beba kipande kilichobaki na kumbuka saa. Akilegea mlaze ubavu njiani. Walio Bagamoyo nendeni hospitali ya wilaya.

Betri: hata ukihisi tu, kipima kimefunguka na betri haionekani, nenda saa hiyohiyo ukapige eksirei. Kama ana zaidi ya mwaka 1 na anaweza kumeza, mpe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10 njiani, inapunguza kuungua, mtoto wa chini ya mwaka usimpe. Asile kingine chochote. Asali isikucheleweshe, kama haipo ndani usipite dukani. Na kama umeipata pakiti ya betri beba, namba iliyoandikwa pale, kwa mfano CR2032, inamwambia daktari ukubwa wake.